Kete Alizoiba Piyali

Kila alasiri, Piyali akisharudi shule na kuvua sare, alikaa barazani na bibi yake kucheza mchezo uitwao askari kumi na sita. Bibi Kironbala alichora mistari ya mchezo sakafuni kwa chaki. Kete zake zilikuwa vipande vya matofali, na za Piyali zilikuwa mbegu za ukwaju. Mchezo wenyewe unafanana na dama: ukiiruka kete ya mwenzako, umeila. Pembeni hapakukosa bakuli la bisi za mchele zilizochanganywa na vitunguu, pilipili na mafuta ya haradali.

Bibi hakuwa mtu wa kumwonea mtoto huruma mchezoni. "Umelala, mama?" alimtania huku akila kete tatu kwa mkupuo. "Nikuletee mto?"

Tukai, binamu yake Piyali wa nyumba ya pili, alikuja kutazama na kucheka tu. "Wewe utamfunga Bibi siku ng'ombe wakiota mabawa," alisema.

Siku moja Bibi aliingia ndani kuipua chai. Piyali aliona wazi kwamba anafungwa tena. Akanyoosha mkono, akaziondoa kete mbili za Bibi na kuzichanganya na zile zilizokwisha kuliwa.

Bibi aliporudi, aliitazama sakafu kwa muda. "Kete zangu zilizokuwa hapa ziko wapi?"

"Nimeshazila, Bibi. Umesahau?"

"Umezila saa ngapi?"

"Kabla hujaondoka."

Bibi alijishika paji la uso. "Basi nimesahau," akasema taratibu.

Piyali alishinda, na habari ikazagaa darasani kote. Sifa zilimnogea, akaiba tena kesho yake, na siku zilizofuata.

Bibi akaanza kubadilika. Akipika, alimuuliza mama yake Piyali mara mbili mbili kama ameshatia chumvi. Asubuhi moja alifungua funguo za nyumba kutoka pindo la sari yake, akamkabidhi.

"Shika wewe. Kichwa kimeanza kuniacha."

"Mama, unasema nini?" aliuliza mama yake Piyali.

"Dada yangu alianza hivihivi, kwa vitu vidogo vidogo. Mwisho akatoka kwenda sokoni, akasahau njia ya kurudi. Tulimkuta stesheni, hajui hata jina lake."

Piyali alikuwa anakula. Aliisukuma sahani kando.

Alasiri ile hapakuwa na mistari sakafuni. "Cheza na Tukai," alisema Bibi. "Mimi siwezi tena." Piyali alitaka kusema ukweli, lakini hakuthubutu. Aliogopa kuchapwa, na zaidi aliogopa jinsi Bibi atakavyomtazama. Siku zikapita hivyo. Shuleni mwalimu akimwita, hasikii.

Kisha Bibi akamwita chumbani, akamtilia kitu kiganjani. Vilikuwa vipuli vyake vya dhahabu vya harusi.

"Nilitaka nikupe ukiolewa," alisema. "Chukua leo, ningali najua wewe ni nani."

Piyali alipiga magoti akilia. "Bibi, hujasahau kitu. Nilikuwa naiba kete zako. Kila nilipokufunga, niliiba."

Bibi akamshika mabega. "Kwa hiyo kichwa changu kizima?"

"Kizima, Bibi."

Bibi alishusha pumzi, machozi yakamtiririka. Kisha akakunja uso. Akavichukua vipuli vyake. "Nenda kamwambie mama yako. Halafu Tukai, na kila uliyejisifu kwake."

Piyali alikwenda. Mama alizirudisha funguo kwa mwenyewe. Tukai alicheka mpaka akakaa chini. Darasani walimzomea, naye akavumilia.

Jioni Bibi alimketisha karibu naye.

"Kete si kitu, mama. Lakini uliponiambia nimesahau, nilikuamini wewe, nikayakataa macho yangu mwenyewe. Jirani akinidanganya nitabisha. Wewe nakupenda, ndiyo maana uongo wako uliniingia mpaka ndani. Ukiona unashindwa, shindwa. Kushindwa hakumuumizi mtu kama ulivyoniumiza mimi."

"Nisamehe, Bibi. Utacheza nami tena?"

"Nimekusamehe, na nitacheza," alisema Bibi. "Ila itachukua muda kabla sijakuacha tena peke yako na kete zangu."

Piyali aliinamisha kichwa. "Ni haki yako, Bibi."