Mapenzi Yasiyo na Akiba

Siku walipokutana, mhadhiri wa uhandisi alikuwa kasimama katikati ya lango la kupakilia mizigo la kiwanda cha sabuni, shati jeupe limenyooka, kalamu tatu mfukoni, malori yanampigia honi.

"Kaka, hapo ni njia ya magari," msimamizi wa upakiaji alimwambia. "Au tukupakie na wewe?"

"Natafuta mzigo unakwama wapi."

"Mbona umeukwamisha wewe?"

Mwanamume akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza msimamizi, dada wa watu.

Sasa ulikuwa mwaka wa pili na alikuwa amechoka naye. Bwana huyu alijijengea jina kwa kufundisha viwanda visilimbikize kitu: mali ghafi ifike inapohitajika, si kabla. Viwanda vilinufaika. Balaa ni kwamba somo hilo alilihamishia kwenye mapenzi. Jokofu lake lilikuwa na yai moja, na simu hakupiga mpaka awe na la kusema. Msimamizi alipolalamika kwamba neno "nakupenda" halisikii tena, alijibiwa, "Kwani lile la mwanzo limeisha, mpenzi?" Mtu wa hivyo unamfanya nini?

Jumamosi asubuhi, msimamizi akiwa kazini, simu ikaita. Alikuwa dada wa mhadhiri.

"Wifi, umeshafungasha? Maana kaka anaondoka kesho."

"Anakwenda wapi?"

"Kwenye uprofesa aliopata chuo cha mbali. Ina maana hajakwambia?"

Msimamizi alikwenda kwa mhadhiri vilevile alivyokuwa, ovaroli la bluu, kilemba kimelegea, ananuka sabuni. Akamkuta katikati ya maboksi ya vitabu.

"Nilikuwa nakuja kwako," mhadhiri alisema, akatoa pete mfukoni. "Nataka kukuoa. Mimi nitangulie, wewe utanifuata. Ningekuuliza mapema ungekaa na wasiwasi wa bure."

"Jana nimesaini mkataba wa umeneja wa uzalishaji, miaka mitatu. Wiki nzima nakupigia tushauriane, unaniambia tusizungumze jambo kabla ya wakati wake." Akalipiga boksi teke. "Ungeniuliza juzi tu, nisingesaini."

Mhadhiri akakaa juu ya boksi. Kisha akainuka, akachana utepe wa boksi na kuanza kurudisha vitabu rafuni, vingine kichwa chini.

"Unafanya nini?"

"Nabaki."

"Na uprofesa?"

"Watapata mwingine."

Msimamizi alimpenda pale pale, na alitamani kumrushia kitabu. Machozi yakamtoka.

"Yaani hata hilo umeamua peke yako. Ungeniuliza kwanza."

Mhadhiri akashusha kitabu alichoshika.

"Basi nakuuliza. Nibaki?"

Akajifuta macho kwa mkono wa ovaroli.

"Baki."