Sori kwa Lipi?

Kila asubuhi kabla ya shule, Jodie aliwapelekea maji njiwa wa mashindano wa Bwana Ackroyd, jirani yao mjini Barnsley, Uingereza. Njiani alisema sori mara chungu nzima. Mji ule ndivyo ulivyo: ukitaka kupita, sori, usiposikia vizuri, sori, ukikanyagwa mguu, wewe uliyeumia ndiye unayeanza. Jodie alilitamka neno hilo bila hata kufikiri.

Jumanne moja alikuta majirani wamesimama nje ya banda la njiwa. Mbweha aliingia usiku. Njiwa waliokufa walitapakaa sakafuni, akiwemo Malkia, jike aliyewahi kuruka mashindanoni kutoka Ufaransa hadi nyumbani kwenye dhoruba.

"Sori, Albert," majirani walimpa pole Bwana Ackroyd mmoja mmoja.

"Sori, Bwana Ackroyd," Jodie naye akasema. Jana jioni Jodie alirudi kuwaona njiwa baada ya mzee kuondoka, na ndiye aliyetoka bandani wa mwisho. Alikimbilia kipindi cha televisheni, na komeo hakulifunga.

Mzee alikuwa akiitazama mikono yake. "Nalifunga komeo mwenyewe kila jioni. Jana ningeapa nimelifunga, na asubuhi mlango nimeukuta wazi. Akili inanitoka, kama ilivyomtoka kaka yangu. Jumamosi nawagawa waliobaki."

"Acha hizo, Albert!" jirani mmoja alimkemea, lakini mzee alikuwa ameshageuka.

Siku nzima Jodie hakusikia somo hata moja. Aliona aibu kwamba pole yake ilipokewa kama za wengine. Baada ya shule alimkuta mzee akitayarisha vikapu vya kusafirishia njiwa.

"Sori, Bwana Ackroyd."

"Umeshaniambia asubuhi, binti yangu."

"Asubuhi sikukwambia kitu. Mlango niliuacha wazi mimi, nilipokuja baada yako. Akili yako haina kasoro yoyote. Malkia amekufa kwa sababu yangu." Kisha akaangua kilio.

Uso wa mzee uliiva kwa hasira. Alikaa juu ya kikapu.

"Malkia nilimlea tangu yai," alisema. "Nimekasirika, Jodie, na sitapoa leo. Lakini tangu asubuhi nilikuwa najiogopa mwenyewe, na hofu hiyo umeniondolea. Sikiliza. Hapa kwetu neno hilo tunagawiana kama peremende. Ukikosea, litaje kosa lako lenyewe, ili asije akalibeba mwingine."

Alivisukuma vikapu kando kwa mguu, akampa ndoo ya nafaka.

"Haya, walishe. Tangu asubuhi hawajala."