Mkwaju wa Bustani ya Stesheni

Nguo za mtoto Sikujua zilinuka ukwaju. Melania alizifua, akazianika, akachoma ubani chumba kizima, harufu ikabaki.

"Baba Sikujua, umeingiza nini humu?"

"Kitanda chake kipya tu," Kalisti alijibu. "Zile mbao za bustani."

Kilikuwa kiangazi cha mwaka 1953, na Shinyanga ilikuwa bado inaililia bustani ya stesheni. Chini ya mkwaju wake mmoja maharusi walizungushwa, wagomvi walipatanishwa, wasafiri walisubiri treni. Kalisti, karani wa mji, alikuwa ametaka njia zilizonyooka, maua ya mistari, na jukwaa la bendi pale katikati.

"Na jua hili, bendi itampigia nani? Kunguru?" Bhoke, mama muuza karanga, alimwuliza kwenye mkutano wa mji. Watu wakaangua kicheko. Kisha akaacha mzaha. "Mwanangu, mti wa kivuli haukatwi kimya kimya. Mwaga maji ya unga shinani, mwambie aliyemo ahame, mwonyeshe mti mwingine."

"Niuombe mti radhi, mama? Mimi?"

Mkwaju ukakatwa. Mbao nzuri Kalisti akampelekea seremala.

Tangu alalie kitanda kile, Sikujua aliacha kucheza. Adhuhuri alisimama uani, mikono ameitanua, macho hayapepesi. Nyumbani, bila upepo, majani yalichakacha darini, na nyuma ya majani zikaja sauti za chini za watu wengi, kikohozi, mzigo unaoburutwa, mtoto anayebembelezwa, kama watu waliosubiri treni tangu zamani na bado wanaisubiri. Wakakichoma kitanda. Moshi haukupanda juu. Uliingia mlangoni, ukamzunguka mtoto, ukalala naye.

Mganga Mabula aliitwa kutoka Masumbwe. Alikoroga unga, akamnyunyizia Sikujua kifuani, akamwinamia, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Amekubali kutoka," alinong'ona.

Melania akaanza kulia. "Asante, baba. Asante."

"Bado. Anataka kivuli kama chake. Nionyesheni mti, nimhamishe sasa hivi."

Wakatoka wote, Kalisti amembeba mwanawe, wakapita nyuma ya maghala ya pamba, wakapita reli, wakapanda kilima cha mawe, na kutoka juu yake wakatazama kila upande, na kila upande ardhi ilikuwa tupu, nyeupe, imenyolewa, kwa maana miti ya nchi ile ilifyekwa miaka mingi nyuma ili mbung'o waletao malale wafe, na ule wa bustani ndio uliokuwa umesalia.

"Nitapanda!" Kalisti alisema. "Leo hii nitapanda!"

"Panda, mwanangu. Ila huyu hatasubiri mche ukue." Mabula alifunga mkoba wake. "Sina pa kumpeleka."

Kesho yake mchana Melania alisikia mazungumzo uani. Alitoka. Jua lilikuwa utosini. Kivuli chake mwenyewe hakikuzidi nyayo zake. Sikujua alisimama katikati, mikono ameitanua, na kutoka miguuni pake kivuli kipana, chenye matawi, kilikuwa kimetandaa ua wote hadi barabarani. Wasafiri walikuwa wameketi humo na mizigo yao. Bhoke alikuwa ametua kapu lake, anajifuta jasho. Hakuna aliyemtazama mtoto.

"Karibu, Mama Sikujua," Bhoke alisema, akisogea kumpa nafasi. "Afadhali leo tumepata pa kupumzika."