Kaka Yangu Alinibadilishia Matairi, Nikamzika Mume Wangu

Mimi ni mama wa miaka thelathini na nane, mkazi wa Mafinga, mjane mwenye watoto wawili. Naandika huku moyo unaniwaka, kwa hiyo mnisamehe nikisema maneno makali. Wapo watu wa ukoo wangu watakaosoma haya na kunitambua... Wasome tu!

Mume wangu, Baba Neema, alikuwa dereva wa magogo tangu ujana wake. Baada ya kuhangaika muda mrefu na magari ya watu, Mungu akatujalia lori letu wenyewe. Lilikuwa gumu, linavuta kwa magurudumu yote, la kuingia msituni likiwa tupu na kutoka limelemewa. Lori lile ndilo lilikuwa shamba letu na ng'ombe wetu.

Shida ikawa matairi. Lilikuja na yale ya lami, mazuri kwa barabara kuu tu. Nani asiyeijua milima ya Kilolo mvua ikinyesha? Udongo ule mwekundu unateleza kama mlenda! Siku moja lori lilishindwa mlima, likarudi kinyumenyume na magogo mgongoni mpaka likakwama kwenye ukingo. Baba Neema alirudi nyumbani akanywa maji tu, akalala. Nikaapa kwamba hatapanda tena Kilolo bila matairi ya kazi.

Nikaenda Mbeya mimi mwenyewe. Wanawake wenzangu walinicheka, eti mwanamke na matairi wapi na wapi! Niliingia kwenye duka la mzee mmoja wa Kihindi, mwenye duka la urithi, anayezungumza Kiswahili cha Mbeya kunishinda. Alinionyesha kila kitu bila haraka. Alinifundisha kubonyeza ubavu wa tairi nisikie ugumu wake, na kutazama kashata, yale meno ya mpira, jinsi yalivyo nene na jinsi mifereji ilivyo mipana ili tope litoke lenyewe. Akanigusisha vinywele vidogo vya mpira ambavyo tairi jipya hutoka navyo kiwandani. Nilichagua moja moja kwa mkono wangu. Nilijisikia mtu!

Sasa kuyafikisha Mafinga... Mwanangu mdogo nilimwacha na homa, nikataka kuwahi basi. Matairi nikamwachia kaka yangu wa tumbo moja, Festo, anayeishi Mbeya, ayatafutie gari la mizigo aje nayo.

Festo si mtu hivi hivi kwetu. Baba yetu alifariki tukiwa wadogo. Festo ndiye aliyekaa mbele posa yangu ilipoletwa, ndiye aliyenishika mkono na kunikabidhi kwa mume wangu. Kwa sisi Wahehe, mtu wa namna hiyo humkatalii neno. Ungekuwa wewe, ungemshuku?

Alifika Jumamosi jioni, amechangamka, anasalimia kila mtu "kamwene, kamwene". Matairi yalikuwa meusi ti, yanang'aa. Nilipitisha mkono, vinywele sikuvikuta. Nikamuuliza.

"We dada nawe! Nimeyasugua, nimeyapaka dawa yang'ae. Kesho si yanaenda kanisani?"

Kweli, kesho yake ilikuwa shukrani. Usharikani kwetu ukipata kitu cha kazi, cherehani, ng'ombe wa maziwa, hata msumeno, unakipeleka kiombewe. Fundi aliyafunga jioni ileile, na Jumapili lori likasimama mbele ya kanisa na mashada ya maua kwenye kioo. Mchungaji aliweka mkono juu ya tairi la mbele, akaomba. Kwaya ikaimba. Nikamwona Baba Neema ameinama, anapitisha kidole gumba ndani ya mfereji wa tairi, taratibu. Kidole kikasimama katikati.

Nikamuuliza, vipi?

"Ni mazuri, Mama Neema," akasema. Akamshika mkono Festo, akamwambia, "Ahsante sana, shemeji."

Wiki ile akapanda Kilolo, akashuka salama. Akapanda tena. Siku ya safari hiyo ya pili mvua ilinyesha tangu asubuhi. Kwenye mteremko, akiwa na magogo, tairi la mbele likapasuka. Mengine hayakushika kitu. Lori likaenda lilikotaka lenyewe, likaishia korongoni!

Wanakijiji walimtoa, wakamkimbiza hospitali Iringa. Nilimkuta anapumua kwa shida, lakini akili zake timamu. Akaniambia niiname.

"Yalikuwa ya kuchonga," akasema. "Nilijua siku ile pale kanisani."

Nilidhani anaweweseka. Nikamuuliza, sasa kwa nini ulinyamaza? Kwa nini uliyapanda?

"Yule ndiye aliyenikabidhi wewe. Ningemwitaje mwizi mbele ya watu, tena mbele ya madhabahu? Nilisema nipige tripu mbili tatu, niyabadilishe kimya kimya... wala wewe usijue."

Alifariki kesho yake mchana. Hasira niliyonayo juu ya ule ukimya wake sijui nitaipeleka wapi. Nampenda, na nimemkasirikia, vyote pamoja. Heshima gani ya kufa nayo, Baba Neema?

Kwa wasiojua, tairi la kuchonga ni tairi kipara lililokatwa mifereji upya kwa kisu cha moto, kisha likapakwa rangi lionekane jipya. Baada ya matanga nilikwenda kuliona lori. Mvua ilikuwa imeosha ile dawa ya Festo. Mifereji ilikwenda upogo, na ndani yake nyuzi za tairi zilionekana waziwazi. Nilikaa pale kwenye tope nikalia mpaka sauti ikakauka.

Na yeye Festo? Msibani ndiye aliyelia kuliko wote! Ndiye aliyesimama kusema kwa niaba ya familia! Kikulacho ki nguoni mwako, jamani.

Nilipombana alianguka magotini. Alikuwa ameingia ubia kwenye duara, shimo la kuchimbia dhahabu, huko Chunya, akachimba mpaka akakaukiwa hela, hakupata hata punje. Matairi yangu akayauza kwa wenye lori la kubeba mawe ya machimbo. Eti alijua Baba Neema ni dereva mzuri, ataweza!

Ukoo ukaitisha kikao. Wakataka yaishe nyumbani, nipokee mbuzi na msamaha. Mama yangu mzazi akaniambia, "Mume utapata mwingine. Kaka wa tumbo moja utampata wapi?"

Nilisimama nikatoka. Nilikwenda moja kwa moja polisi. Festo alikamatwa, na kesi inaendelea. Tangu siku hiyo mama haniiti mwanangu. Juzi nilimkuta sokoni, nikapiga goti kumsalimia. Akafunga kanga yake vizuri, akanipita kama anapita gunia la viazi. Sijutii. Naumia, lakini sijutii!

Ndugu zangu wasomaji, nawasihi. Kuchagua tairi gumu ni nusu ya kazi. Usilipe ukadhani kazi imekwisha, ukakimbilia basi kama mimi. Simama hapo hapo lipakiwe, safiri nalo, simama tena linapofungwa. Piga magoti uingize kidole kwenye kila mfereji. Lililong'arishwa sana, livue hiyo dawa kwa maji na sabuni kabla halijaombewa. Na kama aliyelileta ni ndugu yako, likague mara mbili, mbele yake. Ukiona kasoro, sema! Hata kama ni kanisani, hata kama ni shemeji, sema!

Akinuna, mwache anune. Aliyenuna utamwomba radhi kesho, mtakula pamoja. Mimi nilimuuliza Baba Neema swali moja tu pale kanisani, nikaridhika na jibu lake, nikageuka kupokea pongezi za watu. Sasa radhi nikamwombe wapi?