Gozbert Alizipiga Pasi Kurasa Zangu za Nukta Nundu

Nilinusa mkaa wa pasi kabla sijakifikia kitanda changu...

Nikagusa kurasa zangu. Laini!

Ndugu wasomaji, kurasa arobaini za nukta nundu, nilizotoboa kwa mkono wangu mwenyewe ili nijiandae na mtihani wa kusoma kwa sauti, zote zimelala. Hata nundu moja haikusimama!

"Gozbert! Umezipiga pasi karatasi zangu?"

"Zilikuwa na mikunjo. Nimekusaidia, ndugu."

Akacheka. Mshenzi yule!

Ilikuwa mwaka 1973, shule yetu ya bweni ya wasioona, Chang'ombe. Tulikuwa watatu tunaotafuta cheti cha nukta nundu: mie Wilbert, Gozbert, na msichana mmoja, Tunu. Atakayeongoza angepata kazi ya kupokea simu kiwandani. Wengine wangerudi makwao, na kwetu Masasi nilishawaaga kwa hotuba.

Zilibaki siku tatu. Nikakimbilia kwa Mwalimu Auleria.

"Mwalimu, nimehujumiwa!"

"Si wewe uliyetia sabuni kwenye uji wa wenzako Jumatatu?"

"Shikamoo, Mwalimu."

"Nimekuuliza, Wilbert!"

Haki ikafia hapo hapo.

Basi nikaapa kumzika Gozbert. Yeye alibakiza uoni kidogo, nundu alizisoma kwa macho. Vidole vyake vilijua ugali tu! Tena alikuwa mdokozi.

Nikashika kibao na sindano ya kutobolea, siku mbili kutwa, nikatunga mtihani wa uongo: hotuba ndefu ya pamba ya kijiji cha ujamaa.

"We kaka, tok tok tok mpaka lini?" Tunu akafoka. "Wenzio tunasoma!"

"Soma, dada. Mie niko vitani."

Nikauficha chini ya godoro, nikinong'ona kwa sauti ya kufika Temeke nzima: "Mungu wangu, mtihani wenyewe nimeupata!"

Haikupita saa moja, umeibwa...

Siku ikafika. Mkaguzi akaja na kitambaa kizito.

"Mikono chini ya kitambaa. Hapa tunasoma kwa vidole, si kwa macho."

Gozbert akaitwa kwanza, akaingiza mikono. Kisha akatiririka:

"Ndugu wananchi, pamba yetu mwaka huu imestawi..."

"Kijana," mkaguzi akamkatiza, "hiyo ni barua ya shangazi anayeuliza habari za mbuzi."

Nilicheka mpaka benchi likalia!

"Wewe unayecheka, njoo."

Nikaenda kwa mbwembwe. Nikaweka kidole cha shahada cha kulia, ndicho ninachosomea...

Sikuhisi kitu!

Siku mbili za kukandamiza sindano zilikuwa zimekiotesha lengelenge kama punje ya hindi. Nikajaribu cha kushoto. Hicho hakikuwahi kwenda shule.

"Mpendwa... mpendwa..."

"Mpendwa nani?"

"Mpendwa mkaguzi, naomba wiki moja."

"Kaa chini!"

Tunu akaisoma barua yote, mpaka jina la mbuzi, bila kukwama. Kazi akachukua yeye.

"Asanteni, kaka zangu," akatuambia akifunga sanduku lake. "Mngekuwa marafiki, mngenishinda."

Gozbert akanigeukia. "Yote haya ni wewe!"

"Ni pasi yako, mwizi we!"

Ndugu zangu, adui yako mwache. Ukikitumia kidole chako cha kusomea kumchimbia shimo, usishangae siku ya mtihani kikikunyima hata salamu ya shangazi.