Soksi Nyuma ya Lenzi

Shemeji yangu, mume wa marehemu dada, alikuwa mpiga video wa harusi, na mtaani walimwita Mwanga. Jina lilianza kwa utani. Popote alipoingia, hata msibani, neno lake la kwanza lilikuwa, "Mwanga uko wapi hapa?" Watu wakamwita hivyo hivyo, wakijua fika kwamba mwanga ni nuru na mwanga ni mchawi vilevile. Dada alikuwa akicheka mpaka machozi. "Nimeolewa na mwanga," alisema, "ila wangu anafanya kazi mchana."

Dada aliugua ghafla, akatutoka. Mwaka haujatimia, shemeji akaja kwa mama asubuhi moja, mimi nikiwa uani nafua. Alikuwa na begi la kamera begani. Alitaka mama akae mbele ya kamera asimulie habari za dada: utoto wake, ukaidi wake, vicheko vyake.

"Lakini sitaki video, mama," alisema. "Nataka sinema."

"Kwani si kitu kimoja, baba?"

"Video inaonyesha kila kitu, kama taarifa ya habari. Kila kunyanzi, kila ufa wa ukuta. Sinema inaficha kidogo. Ndiyo maana inaliza watu."

Tukaingia chumba alichokuwa akilala dada kabla hajaolewa. Shemeji akazima taa ya dari, akavuta pazia nusu ili nuru ya dirisha impige mama upande mmoja wa uso na upande wa pili ubaki kivulini. Akaipanga kamera ichukue picha ishirini na nne kwa sekunde, kama mikanda ya zamani, akisema hapo ndipo mtu anatembea kwa ulaini na si kwa kukatakata. Akafunga lenzi kuukuu aliyoinunua mtumba, akalifungua lote tundu lake la kupitishia nuru. Kwenye kiskrini cha kamera macho ya mama yakawa wazi kabisa, na vyote vilivyokuwa nyuma yake, mlango na korido, vikayeyuka kuwa ukungu.

Akatazama, akasonya. "Bado picha ni kali mno."

Akaniuliza kama nina soksi ya nailoni, zile nyembamba ndefu za wanawake. Wapiga picha wa zamani walikuwa wakiitandaza nyuma ya lenzi ili nuru itawanyike na sura ya mtu ing'ae kwa upole. Sikuwa nayo. Mama akainuka, akafungua droo ya dada.

"Chukua hizi. Zinaliwa na nondo tu."

Shemeji alizishika muda mrefu kabla ya kuzikata. Akakitandaza kipande kile cheusi nyuma ya lenzi, akakibana kwa mpira, akairudisha lenzi mahali pake.

Sijawahi kumwona mama yangu akiwa mzuri vile. Nuru ilimzunguka kama mvuke. Alianza kusimulia siku dada alipojinyoa nusu ya kichwa kwa wembe wa baba, nasi wote tukacheka, hata shemeji, ambaye hakuwa amecheka tangu mazishi.

Kisha shemeji akaacha kucheka. Akanivuta mkono, akanong'ona, "Nani yuko koridoni?"

Nikageuka. Hapakuwa na mtu. Nikatazama kiskrini. Mbali nyuma ya mama, ndani ya ule ukungu, palikuwa na kitu kirefu, cheusi, kimesimama wima.

Akaitoa soksi. Hakikuwepo. Akairudisha. Kipo.

Mama hakuambiwa kitu siku hiyo. Shemeji alisema ni kivuli tu, lenzi za zamani zina vituko vyake. Lakini kesho yake mchana alirudi, na keshokutwa, na kila alipowasha kamera kile kitu kilikuwa kimesogea. Kilitoka koridoni, kikafika mlangoni. Kikawa na mabega. Kikawa na kichwa.

Mama si mtoto. Aliona tunavyotazamana. "Nigeuzieni hicho kioo," alisema. Shemeji akamgeuzia kiskrini huku kamera bado inamtazama. Mama akainama, akatazama kwa muda mrefu. Mkono wa kile kivuli ulikuwa umeshika kiwiko cha mkono wa pili, kama dada alivyokuwa akisimama tangu mdogo, akisubiri kuruhusiwa kuingia.

"Karibu, mwanangu," mama alisema kwa sauti ndogo. "Karibu ndani."

Tangu hapo hatukuweza kumzuia. Kila siku alioga mapema, akavaa gauni lake la sherehe, akakaa kitini kabla shemeji hajafika. Chakula akawa anakionja tu. Mikono yake ikawa baridi, na chumba kile nacho kikawa baridi hata jua likiwaka dirishani. Mama yangu alikuwa mwanamke wa kubeba ndoo mbili za maji bila kupumzika. Sasa ilibidi nimshike kwapani kumwinua.

Nilimfuata shemeji nje. "Itoe hiyo soksi. Humwoni mama anavyokwisha?"

"Namwona."

"Basi itoe!"

Alikuwa analia bila sauti. "Shemeji, nilipiga harusi za watu mia ngapi sijui. Mke wangu sikumpiga hata dakika moja. Kila siku nilisema kesho, nikipata kamera nzuri. Nikiitoa hii, nimemzika mara ya pili."

Alikuwa dada yangu pia. Mimi mwenyewe kila mchana nilikuwa wa kwanza kukimbilia kiskrini.

Tulikubaliana iwe mara moja tu, ya mwisho. Mama aagane naye, kisha soksi ichomwe.

Mchana ule mama aliketi kitini kama kawaida. Shemeji aliwasha kamera. Dada alikuwa amesimama nyuma ya kiti. Karibu kabisa. Nguo yake niliitambua, ile tuliyomchagulia sisi siku ya mazishi. Mkono wake ulikuwa juu ya bega la mama, na mama alikuwa ameliegemeza shavu pale, macho wazi, akitabasamu. Kwa macho yangu ya kawaida niliona bega tupu.

Uso wa dada tu ndio ulikuwa bado ukungu.

Mkono wa shemeji ukaenda kwenye pete ya fokasi, ile inayozungushwa kuchagua nani awe wazi na nani afifie.

"Usiguse," nikanong'ona.

"Uso tu. Nimwone uso."

Akaizungusha. Taratibu. Mama akaanza kufifia, na kutoka kwenye ukungu uso wa dada ukaja. Pua. Midomo. Macho. Alikuwa yeye. Hakuwa akimtazama mama. Alikuwa akitutazama sisi, analia, anatikisa kichwa. Hapana. Hapana. Hapana.

Shemeji akapiga kelele, akairudisha pete. Akaizungusha huku. Akaizungusha kule. Mama hakurudi. Ulibaki ukungu tu, wenye rangi ya gauni lake.

Nikainua macho kutoka kwenye kiskrini. Mama alikuwa kitini. Kichwa kimeegemea bega. Nilipomgusa alikuwa baridi na mgumu, kama mtu aliyefariki tangu alfajiri.

Daktari alisema moyo. Tukamzika pembeni ya dada. Shemeji hajashika kamera tena, siku hizi anauza vifaa vya umeme, na ukimwita Mwanga haitiki. Soksi aliichoma mwenyewe. Nilisimama naye mpaka ikawa majivu.

Lenzi alinipa mimi nikaiuze. Fundi wa kamera aliiinua dirishani, akakunja uso. Ndani, katikati ya vioo viwili ambako hapafikiki bila kuifungua yote, palikuwa na ukungu. Akaifungua mbele yangu, akafuta, akakausha, akaifunga. Kabla sijafika mlangoni akaniita.

"Dada, umerudi."

Nikatazama. Ukungu haukuwa umetanda kioo kizima. Yalikuwa mabaka mawili ya duara, kama pumzi za watu wawili waliobandika nyuso dirishani kuchungulia ndani. Yalikuwa yakififia, kisha yakikolea. Yakififia, kisha yakikolea.

Hayakuwa yakienda pamoja. Kila moja lilikuwa na mwendo wake.