Mafuta ya Damu na Karatasi ya Baba

Nyumba ile kila asubuhi iliamka kwa kelele. Mama anamwogesha mtoto kwenye beseni, baba, fundi wa kuchomelea vyuma, anatafuta miwani yake ya kazi, na shangazi anatafuta mtu wa kumsema. Binti wa darasa la sita, ambaye wote walimwita Wakili kwa ubishi wake, anafunga viatu huku masikio yakiwa wazi.

Wiki hiyo kelele zilimhusu mtoto. Kliniki walimpima damu wakakuta mafuta mengi mno, yale yanayoitwa kolesteroli. Mtoto wa miezi kumi na mmoja! Muuguzi akasema wazazi wote wawili wapimwe, maana mara nyingi hali hiyo hurithiwa.

"Apimwe huyu," shangazi alisema, akimwonyesha mama kwa kidevu. "Mwili wote huo, mafuta yametoka wapi tena?"

"Wifi, mwili wangu huulishi wewe."

Baba akajishika mbavu. "Mimi nipimwe mafuta? Hata mbu akinitua anaondoka na njaa."

Mama alipimwa, akakutwa sawa. Baba alipewa fomu aende nayo maabara iliyo karibu na karakana yake. Hakwenda. Jioni akamwita Wakili.

"Wewe una mwandiko mzuri. Jaza hapa kama fomu ya mama yako."

"Lakini baba..."

"Nimesema jaza."

Wakili akajaza, akibadilisha namba kidogo zisifanane. Kliniki foleni ilikuwa ndefu, muuguzi hakuuliza muhuri uko wapi. Alisema tu kwamba mambo hayaeleweki, atamuuliza daktari. Shangazi hakumsubiri daktari.

"Wewe sawa, kaka yangu sawa," alimwambia mama nyumbani, mbele ya wote. "Basi tuambie, damu ya mtoto huyu umeiokota wapi?"

Baba akatazama sakafu. Alijua ukweli, kwamba hakupimwa. Mama akavuta begi chini ya kitanda, akaanza kutupia nguo za mtoto.

Wakili akalishika begi. "Namba za baba niliandika mimi. Baba hajapimwa."

"Funga mdomo," baba akafoka.

"Sifungi. Mama anaondoka."

Mama akamgeukia mumewe. "Umesikia ninavyotukanwa, ukanyamaza? Kesho unapimwa. La sivyo, naondoka na watoto wote wawili."

Kesho yake wakaenda wote kliniki, hata shangazi, na mama akamweleza daktari habari ya ile karatasi. Damu ya baba ikakutwa na mafuta mengi kuliko hata ya mtoto. Daktari akamuuliza kama baba yake mzazi bado yuko hai.

"Alianguka kazini, akafa," baba alijibu kwa sauti ndogo. "Alikuwa na miaka arobaini na moja." Yeye mwenyewe sasa alikuwa na thelathini na tisa.

"Wembamba wako haunionyeshi kilichomo kwenye mishipa," daktari akasema. "Hali hii umezaliwa nayo, ukampa mwanao bila kujua. Kwa hilo hulaumiwi. Utaanza dawa leo, na mtoto tutamfuatilia. Ila kwa ile karatasi unalaumiwa. Ningeiamini, wewe ungekwenda kuanguka kama baba yako, na mkeo angebeba kosa lisilo lake." Akamtazama Wakili. "Umesema kweli, vizuri. Siku nyingine usiandike uongo, hata ukitumwa na mkubwa."

Kisha akamgeukia shangazi. "Na wewe ni dada yake, baba mmoja?"

Shangazi akaitika kwa shida.

"Kunja mkono wa gauni."

Mama akainuka, akampisha kiti. Hakumtazama.